“Umeiunga na nini?” Mwongozo wa kula hotelini ukiwa na mzio wa karanga

Stendi ya mabasi katika barabara ya Dar es Salaam kwenda Dodoma, saa saba mchana, basi limesimama dakika ishirini watu wale. Niliagiza wali, maharage na mchicha. Nikamwuliza kijana aliyekuwa anahudumia: “Mchicha una karanga?” Akajibu bila kugeuka: “Hamna karanga, dada.” Na kweli hazikuwemo. Mchicha ulikuwa umeungwa kwa nazi. Nilichokuja kukijua baadaye, nikiwa nimelazwa kwenye benchi la zahanati na dripu mkononi, ni kwamba abiria aliyenitangulia alipakuliwa kisamvu cha karanga, na mwiko uliotoka kwenye kisamvu ndio uliozama kwenye mchicha wangu.

Yule kijana hakunidanganya. Swali langu ndilo lilikuwa bovu. Ukimwuliza mtu swali la ndiyo au hapana wakati ana wateja kumi na basi linapiga honi, atakujibu kwa heshima ili usikae na njaa, na heshima yenyewe ni kukwambia “hamna”. Siku hizi nauliza vingine, tena namwuliza aliyepika: “Mama, mboga hii umeiunga na nini?” Hapo hawezi kujibu kwa neno moja. Ataanza kuhesabu alivyotia, kitunguu, nyanya, tui, na kama karanga zimo zitajitaja zenyewe.

Nina mzio wa karanga tangu utotoni na kazi yangu ni ya kusafiri, kwa hiyo nakula hotelini kuliko ninavyokula nyumbani. Ninayoandika hapa ndiyo ninayofanya.

Hatua ya kwanza: malizana na daktari kwanza

Neno “aleji” kwetu limechoka. Linabeba vumbi, mafua ya asubuhi, sabuni isiyokupatana na hata chakula ambacho mtu hakipendi tu. Ndiyo maana jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba kinachokudhuru ni karanga na si kitu kingine kilichokuwa sahanini siku hiyo. Hospitali kubwa hupima kwa kuchomachoma ngozi na matone ya vitu mbalimbali, au kwa kupima damu. Majibu hayo husomwa pamoja na historia yako, kwa sababu wapo watu ambao kipimo chao kinasoma chanya na wanakula karanga kila siku bila shida.

Ukiwa na daktari muulize kuhusu korosho na lozi. Karanga ni jamii ya kunde, huzaa chini ya ardhi. Korosho ni tunda la mti. Ni ukoo tofauti, lakini baadhi ya watu wanadhurika na zote mbili, na jikoni hukaa rafu moja. Muulize pia kuhusu maharage, kunde na choroko. Wengi wetu tunakula vyote hivyo bila tatizo, na ni hasara kubwa kujinyima maharage maisha yako yote kwa sababu tu mtu alikwambia ni ndugu wa karanga. Nazi nayo huwa si tatizo kwa wengi, ila thibitisha ya kwako.

Halafu dawa. Dawa inayookoa maisha mzio unapopanda ni adrenalini, sindano inayochomwa kwenye msuli wa paja kwa nje. Vidonge vya mzio kama setirizini hupunguza mwasho na vipele basi. Havifungui koo lililoziba wala havipandishi presha iliyoshuka. Siku ile ya stendi nilikuwa na vidonge tu, na kama zahanati isingekuwa ng’ambo ya barabara sijui. Kalamu za adrenalini za kujichoma mwenyewe si rahisi kuzipata madukani kwetu na bei yake inauma. Zinazotumika sana ni za miligramu 0.15 kwa mtoto wa kilo 15 hadi 30, na 0.3 kwa mwenye uzito zaidi ya hapo, ila daktari ndiye anayeamua. Kama kalamu haipatikani, mwombe daktari akueleze mpango mwingine. Wapo wanaofundishwa kutumia kichupa na bomba la sindano, wakaandikiwa dozi kwenye karatasi. Usijifundishe mwenyewe kwa video.

Adrenalini haipendi joto. Usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani, na wala usiiweke kwenye friji. Itoe mara moja moja uitazame: ikibadilika rangi au tarehe ikipita, tafuta nyingine.

Na kama una pumu, itibu vizuri kabla hujaanza kufikiria migahawa. Pumu isiyodhibitiwa huongeza sana hatari ya mzio wa karanga kuua. Usijipe moyo kwamba “mara ya mwisho nilitoka vipele tu”. Mara ya mwisho haisemi lolote kuhusu mara ijayo.

Hatua ya pili: jua karanga zinakojificha

Karanga unazoziona hazina shida. Muuza karanga anapita na kikapu chake, unamwona, unasogea pembeni. Shida ni zilizosagwa.

Bara ndiko zimejaa kwenye mboga. Kisamvu, matembele, mchicha, majani ya maboga, mlenda, nsansa za Usukumani na Tabora: zote huungwa kwa nazi au kwa karanga, kutegemea mpishi katoka wapi na nazi sokoni ni bei gani wiki hiyo. Hilo la bei lina maana. Mama aliyekupikia mchicha wa nazi Jumatatu anaweza kukupikia wa karanga Alhamisi, tena bila kubadili chochote kwenye ubao wa menyu. Dagaa nao huungwa kwa karanga, na kuku wa kienyeji pia. Mchuzi wowote mzito wenye rangi ya udongo, ambao hauna tui wala nyanya za kutosha kuueleza uzito wake, uushuku.

Uji wa asubuhi ndio mtego ninaouogopa kuliko yote, kwa sababu hakuna anayeuhesabu kuwa ni chakula cha karanga. Unga wa lishe mara nyingi ni mahindi, ulezi, mchele, soya na karanga vimesagwa pamoja. Mhudumu atakwambia “ni uji wa lishe tu”, na hajui kilichomo kwa sababu unga ulinunuliwa ukiwa umeshafungashwa. Omba uone pakiti. Kama unga ulisagwa mashineni mtaani, uache. Mashine ile ile imesaga karanga za jirani.

Kahawa chungu ya kijiweni haina neno, ila pembeni yake pana kashata, na mkono unaokupa kikombe ndio umetoka kuhesabu kashata. Juisi nayo: blenda nyingi za migahawa midogo husaga karanga za mboga asubuhi na parachichi mchana. Aiskrimu hunyunyiziwa karanga zilizopondwa, na hata usipotaka za juu, kijiko cha kuchotea kimezunguka makopo yote. Keki, halua na biskuti za kutengenezwa nyumbani huwa na karanga badala ya lozi kwa sababu ni rahisi zaidi. Chevda ya Wahindi wa Afrika Mashariki ina karanga nzima nzima, na chatne zao kadhaa zina za kusagwa.

Ukivuka mpaka, mambo yanazidi. Uganda mchuzi wa karanga ni chakula cha heshima, unakuja na matoke au ndani ya luwombo uliofungwa kwa jani la mgomba. Kaskazini mwa nchi hiyo kuna odii, karanga na ufuta vimesagwa vikawa kama siagi, vinatiwa kwenye mboga za majani. Rwanda, Burundi na Kongo Mashariki sombe, yaani kisamvu chao, mara nyingi hutiwa karanga. Mgahawa wa Afrika Magharibi, popote ulipo, una mafe, mchuzi wa karanga wa Senegali, kwenye sufuria, na nyama ya suya ya Nigeria imepakwa unga wa karanga kabla ya kuchomwa. Wathai na Wachina wanazitumia sana, juu ya hayo karai moja hupika kila kitu mfululizo. Mimi migahawa hiyo miwili nimeiacha kabisa. Si hasara, kuna vyakula vingine.

Mafuta je? Mafuta ya karanga yaliyosafishwa sana kiwandani huwa yameondolewa karibu protini yote, na protini ndiyo inayoleta mzio. Yaliyokamuliwa kienyeji bado yanayo. Hotelini huwezi kujua ni yapi, kwa hiyo ukisikia mafuta ya karanga kataa. Bahati nzuri kwetu wengi wanakaangia mawese au alizeti. Linalofaa kuulizwa zaidi ni mafuta hayo yamekaangia nini tangu asubuhi.

Kuna na hoja utakayosikia kila mahali: “Hizi ni za kuchemsha, hazina nguvu.” Ni kweli kwamba kukaanga kunazifanya ziwe kali zaidi kwa wenye mzio kuliko kuchemsha. Lakini kali kidogo bado ni kali. Usikubali.

Hatua ya tatu: chagua mahali na saa

Nina mpangilio wangu. Juu kabisa ni banda la chipsi. Kaango la chipsi mayai halina kazi nyingine toka asubuhi hadi usiku wa manane: viazi, mayai, mafuta, chumvi. Anayepika yuko mbele yako, unaona kila anachokigusa. Tazama tu kama karai halikaangi na vitu vingine, na achana na sosi isiyo na chupa yenye lebo.

Nyama choma inafuata. Chumvi, ndimu, moto, ndizi za kuchoma. Tatizo la baa si nyama bali meza. Wenzako waliokaa hapo kabla walikuwa wanatafuna karanga na bia, maganda yamepepetwa juu ya meza, na kitambaa kilichoifuta ndicho kilichofuta meza nyingine sita. Mwambie mhudumu aifute kwa maji na sabuni, au beba vitambaa vyako vya unyevu. Na kama unakunywa, jua kwamba pombe inaweza kuufanya mzio uwe mkali zaidi, mbali na kwamba inakufanya usahau kuuliza.

Mama ntilie yuko katikati. Wengine watashangaa, lakini mimi namwamini mama ntilie kuliko mgahawa wa vioo wenye menyu ya kurasa nane. Mama amenunua mwenyewe, amepika mwenyewe, anakumbuka. Kwenye mgahawa mkubwa mhudumu hajawahi kuingia jikoni, mpishi wa asubuhi keshaondoka, na mchuzi umetoka kwenye ndoo iliyoletwa na mtu mwingine.

Bufee ni chini kabisa. Watu wanahamisha vijiko. Aliyejipakulia mchuzi wa karanga anarudisha kijiko kwenye wali, na hana habari. Kama huna namna, omba upakuliwe moja kwa moja kutoka jikoni kabla vyombo havijafunguliwa kwa wageni.

Kuhusu saa, piga simu au pita saa nne asubuhi au saa tisa alasiri. Saa saba mchana hakuna mpishi mwenye masikio.

Ukiwa Ulaya una msaada wa sheria: kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 1169 ya 2011 inawataka wauza chakula, migahawa ikiwemo, watoe taarifa ya vyakula 14 vinavyoleta mzio, karanga zikiwemo, na Uingereza nayo inazo hizo 14. Huku kwetu lebo iko kwenye pakiti za dukani. Sufuria haina lebo, kwa hiyo mdomo wako ndio utakaofanya kazi hiyo.

Hatua ya nne: zungumza na aliyepika

Haya ni mazungumzo ya wiki iliyopita, Temeke, karibu neno kwa neno.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu, karibu chakula.”

“Asante mama. Mimi nina ugonjwa, karanga zinanidhuru. Nikila hata unga wake koo linaziba, napelekwa hospitali. Naomba unisaidie. Leo umepika nini?”

“Pole mwanangu. Kuna wali, ugali, maharage, samaki wa kukaanga, matembele na dagaa.”

“Matembele umeyaunga na nini?”

“Matembele nazi. Dagaa ndio nimewaunga kwa karanga.”

“Na mwiko wa dagaa na wa matembele ni mmoja?”

Akautazama mwiko mkononi kama ndiyo kwanza anauona. “Ni huu huu.”

“Basi matembele niache mama. Nipe ugali na samaki. Samaki nichukulie kwa sahani iliyooshwa kwa sabuni, na usimtie mchuzi.”

Angalia maneno. Sikusema “mzio”, ni neno zuri, la vitabuni, na jikoni halimtishi mtu. Sikusema “aleji” peke yake, kwa sababu wengi wanadhani ni kupiga chafya. Sikusema “sipendi” wala “situmii”, maana hapo mtu atakuchotea mboga halafu akutolee karanga zinazoonekana juu, kwa upendo kabisa. Nilisema ugonjwa, nikasema koo linaziba, nikataja hospitali. “Daktari amenikataza” nayo inafanya kazi, hasa kwa wazee.

Sikuomba anipikie upya. Niliomba ninachoweza kukipata kwenye vilivyopo. Ukimpa mpishi kazi kubwa saa ya haraka, atakubali kwa mdomo na kuiacha kwa mkono.

Kwa mgahawa mkubwa mimi hutoa karatasi ndogo iliyofunikwa kwa plastiki, mhudumu aipeleke jikoni:

*Nina ugonjwa wa mzio wa karanga (njugu). Kiasi kidogo sana kinaweza kuniua. Siwezi kula karanga nzima, za kusagwa, siagi ya karanga wala mafuta ya karanga. Siwezi kula chakula kilichoguswa na mwiko, kisu, kinu, blenda, karai au mafuta yaliyogusa karanga. Kama huna uhakika, tafadhali niambie “sina uhakika”. Sitakasirika. Asante.*

Sentensi mbili za mwisho ndizo zimenisaidia kuliko zote. Mara ngapi mpishi ametoka nje mwenyewe, akafuta mikono kwenye aproni, akaniambia: “Dada, kusema ukweli sina uhakika na huu mchuzi.” Huyo ndiye mpishi ninayerudi kwake.

Jifunze jina la karanga la mahali ulipo. Kenya sema “njugu” au “njugu karanga”. Tanzania “njugu” peke yake inaweza kumfanya mtu afikirie njugu mawe. Uganda wanasema “jinati” au “ebinyebwa”, Rwanda “ubunyobwa”, Kongo “arachide” kwa Kifaransa na “nguba” kwa Kilingala. Kwa Waarabu, Muscat na Dubai, ni “ful sudani”, na usikate jina, kwa sababu “ful” tupu ni maharage yao ya asubuhi.

Kuna kisa kimoja cha Uingereza kinachonifanya niulize swali la ziada. Paul Wilson, mtu mzima wa miaka 38 aliyekuwa na mzio wa karanga, aliagiza kuku wa tikka masala wa kuchukua Januari 2014 na akaeleza wazi kwamba asiwekewe karanga wala jamii ya lozi. Oda ikaandikwa hivyo. Mwenye mgahawa, ili kupunguza gharama, alikuwa ameacha kununua unga wa lozi akaanza kununua mchanganyiko wa bei nafuu wenye karanga. Wilson alifariki usiku huo. Mwaka 2016 mahakama ilimkuta mwenye mgahawa na hatia ya kuua bila kukusudia, akafungwa miaka sita. Kwa hiyo mahali popote penye lozi, korosho au unga wowote wa kuongeza uzito, nauliza: “Hiki mmekinunua kikiwa kimesagwa, au mmesaga wenyewe?” Kama kilinunuliwa kimesagwa, sili.

Hatua ya tano: tazama vyombo

Kinu. Hicho ndicho watu wanakisahau. Asubuhi kimetwanga karanga, saa tano kinatwanga kitunguu saumu na tangawizi za pilau. Kinu cha mbao hakisafishiki hadi ndani ya nyufa. Pilau yenyewe ni salama, nyama ni salama, na karanga zimeingia kupitia kitunguu saumu. Uliza: “Viungo mmetwanga kwenye kinu au mmenunua vya pakiti?” Blenda nayo ni hivyo hivyo, mpira wa chini ya kisu ndipo mabaki hukaa.

Vingine ni mwiko, ubao wa kukatia, kikaango cha chapati na sponji ya kuoshea vyombo. Harufu ya karanga zikikaangwa mbali huwa haitoshi kukudhuru. Kinachodhuru wengi ni kilichoingia mdomoni, kwa hiyo usikimbie mtaa mzima kwa sababu ya harufu.

Hatua ya sita: sahani ikifika

Osha mikono kwa maji na sabuni, hasa kama unakula kwa mkono na umetoka kushika bomba la daladala au noti. Jeli ya kuua vijidudu haiondoi mabaki ya karanga, inayasambaza tu.

Muulize aliyeleta, hata kama uliuliza mwanzo: “Hii ndiyo ya asiyekula karanga?” Sahani hubadilishana njiani. Kisha itazame kwenye mwanga. Ukiona tone la mchuzi usiouagiza, sahani hiyo basi. Na usiirudishe jikoni ikiwa peke yake: ibakize mezani hadi mpya ifike. Ukiirudisha, kuna uwezekano mkubwa itafutwa, itageuzwa, na utaletewa hiyo hiyo.

Usijipime kwa kuonja kidogo. “Onja tu, ukiona vibaya uache” ni ushauri utakaopewa na shangazi zako wote.

Hatua ya saba: mambo yakiharibika

Dalili huanza ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla ya saa mbili kupita: midomo na ulimi kuwasha, mabaka ya ngozi, macho kuvimba, tumbo kukata, kutapika. Zinazotisha ni sauti kukwaruza, koo kubana, kifua kulia kama cha mwenye pumu, kizunguzungu, kulegea. Mtoto mdogo anaweza kunyamaza ghafla na kulegea tu. Mabaka yanaweza yasitokee kabisa.

Ukiona kupumua kunasumbua, au kichwa kinazunguka, au dalili za sehemu mbili za mwili kwa pamoja, kama ngozi na tumbo, choma adrenalini papo hapo. Paja, upande wa nje. Kalamu inapita hata juu ya suruali. Usiende kuichoma chooni kwa aibu. Watu wengi hudondoka huko peke yao. Lala chini miguu ikiinuliwa. Kama pumzi ni nzito, kaa umenyoosha miguu. Usisimame ghafla, usitembee kwenda kwenye gari, ubebwe. Isipotulia, dozi ya pili baada ya dakika tano hadi kumi na tano.

Maziwa hayasaidii. Mkaa haufai, na kujitapisha kunaweza kukuziba pumzi. Najua maziwa ndiyo yatakuja kwanza, kabla hata ya gari. Mwambie mwenzako mapema ayakatae kwa niaba yako.

Namba ya dharura ni 112 Tanzania na Kenya, lakini mara nyingi gari lililo karibu ndilo litakalokufikisha. Ndiyo maana nikifika mji mgeni, kabla ya kuuliza hoteli nzuri nauliza hospitali yenye huduma ya dharura saa 24. Ukifika getini sema “mzio mkali, pumzi inaziba” ili usiwekwe kwenye foleni ya kadi. Ukipata nafuu usikimbilie nyumbani. Dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye, kwa hiyo kubali kubaki chini ya uangalizi kwa muda watakaokwambia.

Ukiwa na mtoto, na ukialikwa harusini

Mtoto mfundishe sentensi moja tu: “Nimuulize mama kwanza.” Ndefu zaidi ya hiyo ataisahau akiona kashata. Mwalimu na dereva wa basi la shule waonyeshwe dawa inakaa wapi, waishike kwa mikono yao.

Harusini mimi hula nyumbani. Nakwenda na soda yenye kizibo, naifungua mwenyewe, nacheza, napongeza. Mama mwenye shughuli akisisitiza, nabeba chakula changu kwenye sahani, nakizungukazunguka na uma, namshukuru. Kwa mgeni wa namna yangu hilo si uongo mkubwa.

Nilipotoka Dodoma siku nne baadaye, basi lilisimama stendi ile ile. Nilimfuata mama mwenye banda, si yule kijana. “Shikamoo mama. Mimi ndiye niliyepelekwa zahanati Jumanne.” Akaweka ndoo chini. Nikamweleza kwamba mchicha wake haukuwa na kosa, ila mwiko ulitoka kwenye kisamvu.

“Kumbe ni mwiko tu?”

“Ni mwiko tu, mama.”

Akamwita kijana aje asikie na yeye. Kisha akaniuliza kama nitakula. Nikamwambia leo nimebeba ndizi na mayai ya kuchemsha. Akacheka, akafuta kiti kwa upindo wa khanga, akaniambia nikae nile hapo hapo, kivulini.